Sebule ya Mwalimu Ntandu Ndani ya Godauni

Nilikabidhi funguo siku ya Ijumaa, na Jumatatu nikaamka alfajiri kama mtu mwenye pa kwenda. Nikavaa viatu, nikakaa navyo kitandani mpaka chai ikaiva. Neema, wewe na wenzako mliobaki godauni mliniomba niwaandikie mambo ya kazini, nikawajibu kwamba sina la kuandika, maana kazi yenyewe ilikuwa kufungua asubuhi na kufunga jioni. Lakini mtu akishavaa viatu lazima afanye kitu. Basi someni.

Mimi ni mtu wa Shelui. Nilikulia kando ya barabara kuu, nikaanza kazi kwa kupokea mizigo inayoshushwa na malori: magunia, baiskeli, majeneza matupu, na mbuzi waliopakiwa wawili wakashuka watatu. Nilipoolewa nikahamia Singida mjini, na huko kulikuwa na tajiri mmoja wa vitunguu aliyekuwa amechoka na vitunguu. Huyo tajiri aliona jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tukilitazama bila kulifikiria. Mtumishi anastaafu, anatoka kwenye nyumba ya serikali yenye vyumba vinne, anahamia vyumba viwili alivyobahatika kujenga, na kabati halipiti mlangoni. Mkewe hataki kuliuza na yeye hana pa kuliweka. Tajiri akaligawa godauni lake kwa nyavu za chuma na mbao, akatoa vyumba vyenye namba, kila chumba na kufuli yake, akawaambia watu leteni vyombo vyenu.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa gauni la kanisani. Aliyenipokea ni Mzee Mkumbo, Mungu amrehemu, aliyekuwa karani wa mizigo stesheni ya Itigi kabla ya kuja kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama lile gauni, akanipa fagio. Jioni gauni lilikuwa na rangi ya godauni. Hakusema neno kuhusu gauni, nami sikusema neno, na kesho yake nikaja na kanga kuukuu. Ndivyo tulivyoanza kuelewana.

Mzee Mkumbo hakupokea mzigo kwa macho, alipokea kwa pua. Godoro alilinusa, gunia alilinusa, na kabati alilifungua akaingiza kichwa chote. Mteja akiuliza anatafuta nini, alijibiwa kwamba kikipatikana ataambiwa. Mara moja alitoa kichwa kwenye kabati la mama mmoja kutoka Manyoni, akamweleza kwa adabu kwamba kabati lake linataga. Tulipovuta droo ya chini tulimkuta mtetea amelalia mayai, amesafiri njia nzima kutoka Manyoni na hana habari na mtu. Kabati lilipokelewa, kuku akakataliwa, na yule mama akaondoka na droo mikononi.

Vifaa vya kazi hii ni vichache, msidanganywe. Mnahitaji mbao za kuinulia vitu visiguse sakafu, kwa sababu mchwa wa kwetu hana haraka ila hapotei njia. Mnahitaji msumeno wa chuma kwa ajili ya kufuli ambazo wenyewe wamepoteza funguo na wanaapa kwamba ni nyinyi mliozipoteza. Kamba iwe ya katani, ya nailoni huteleza. Wekeni majani makavu ya mwarobaini katika kila godoro. Halafu kuwe na kiti kimoja kibovu karibu na lango. Mtu akishaleta vyombo vya maisha yake yote atataka kukaa kidogo kabla hajaondoka, na mkimpa kiti kizuri hataondoka.

Harufu ya vitunguu haikutoka na haitatoka. Mwanzoni wateja walilalamika, baadaye wakazoea, na nasikia kuna bwana mmoja sasa hapati usingizi kwenye godoro lisilonuka kitunguu. Kila mteja pia atawaambia kwamba anaweka vyombo kwa muda. Huo muda mimi nimeuona. Nimeona mtoto aliyeletwa mgongoni siku vyombo vinaingia, akaja mwenyewe na pikipiki kuuliza kama vyombo vya mama yake bado vipo. Vilikuwepo, akashukuru, akaviacha hapo hapo.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Ikungi aliyeuza nyumba moja kati ya mbili, akaleta vyombo vya wake zake wote wawili kwenye chumba kimoja. Mzee Mkumbo alimshauri achukue vyumba viwili. Bwana akacheka, akasema wake zake ni ndugu. Muda si mrefu wale ndugu wakafika, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akitaka kujua kwa nini meza ya mwenzake imeegemea kabati lake. Ikabidi tuchore mstari wa chaki sakafuni. Sufuria moja kubwa ya pilau ilibaki juu ya mstari, kwa kuwa kila mmoja alisema ni yake, na miaka yote nilikuwa nafagia nikiizunguka.

Mzee Mkumbo aliniachia sheria mbili kabla miguu haijamshinda. Ya kwanza, chumba hufunguliwa na mwenyewe. Ya pili, hakuna mtu kulala ndani. Nilizishika zote mbili na sikuwahi kuziona nzito mpaka alipokuja Mwalimu Ntandu.

Mwalimu Elia Ntandu alikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi maisha yake yote ya kazi, mzee mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusomea watu imla. Alikuwa na nyumba Ihanja, karibu na barabara, yenye sebule ambayo watu waliisifia. Mkewe akaugua, akaugua sana, nyumba ikauzwa ili atibiwe, na mama wa watu akafariki pamoja na hayo. Mwalimu akabaki hana mke wala nyumba. Binti yake mkubwa, Naomi, aliyeolewa hapa mjini, akamchukua, akampa chumba cha uani nyumbani kwa mumewe.

Nyinyi vijana mtauliza tatizo liko wapi, mbona mkwe mwenyewe ni mtu mwema. Ni kweli alikuwa mwema, na hapo ndipo penye tatizo. Kwetu baba hakai kwa mkwe wake kama anavyokaa kwake. Hakalii kiti cha mkwe, hali naye sahani moja, hapiti mbele ya chumba chake, na mkwe naye hathubutu kumkazia macho. Huyu mkwe alikuwa na heshima kupita kiasi. Akisikia Mwalimu anakohoa uani, yeye alitoka mlango wa mbele akaenda kukaa gengeni. Ikawa mwenye nyumba haonekani nyumbani kwake, na mgeni naye anaona haya kukohoa.

Vyombo vya Mwalimu viliingia kwangu kwa fuso. Yalikuwepo makochi yenye vitambaa vilivyofumwa na marehemu, meza ya kahawa, kabati la vioo, saa ya ukutani na picha ya harusi yao. Nikayasimamisha makochi kwa ubavu kama tunavyofanya siku zote, nikafunika turubai. Kesho yake Mwalimu akaja, akafungua kufuli, akatazama sana, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini makochi yamesimama. Nikamwambia ndivyo tunavyohifadhi.

"Mama Stella," akasema, "kochi likisimama muda mrefu linasahau kazi yake."

Akayalaza. Akayapanga. Akatandika vitambaa, akaweka meza katikati, akaning'iniza saa kwenye wavu, akakaa. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi baada ya chai, akafungua sebule yake, akasoma gazeti la juzi mpaka mchana. Wastaafu wenzake wakapata habari. Wakaanza kuja kumtembelea, wakipita katikati ya magodoro na majokofu mabovu ya watu, wanapiga hodi kwenye wavu, wanakaribishwa. Hapo nilikasirika, sifichi. Nikamwendea nikamwambia shikamoo Mwalimu, hapa ni stoo, si barazani. Akanijibu marahaba, akasema hata yeye anahifadhi tu, ila makochi yake yanahifadhiwa yakiwa yamekaliwa. Nikamkumbusha sheria ya kulala. Akaniuliza kama nimewahi kumkuta amelala. Sikuwahi. Nikarudi langoni kwangu nimeshindwa, na mwisho wa wiki nikamnunulia bawaba mpya za ule mlango wa wavu, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zinapiga kelele kila mgeni anapoingia.

Sasa Mwalimu alikuwa na binti wa mwisho, Upendo, nesi kule Manyoni. Upendo akapata mchumba, kijana fundi umeme, kwao Sepuka. Wazee wa Sepuka wakatuma ujumbe kwamba wanataka kuleta posa, na wakauliza waje wapi.

Siku ujumbe ulipofika Mwalimu hakuingia chumbani kwake. Alikaa kwenye kile kiti kibovu cha langoni. Akaniomba ruhusa ya kuwapokelea wakwe pale godauni. Nikadhani anatania. Nikamweleza kwamba ana wadogo zake Ihanja, wana nyumba, wamwazime sebule kwa siku moja tu. Kwa Naomi sikupataja, kwa sababu hata mimi najua: mtu hapokei wakwe wapya chini ya paa la mkwe wa zamani. Mwalimu alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama Stella, posa si chai," akasema. "Wale wazee hawaji kumwangalia binti, binti walishamwona. Wanakuja kuangalia kwao ni wapi. Mwanamke asiye na kwao, siku akikosewa atavumilia lolote, na wenyewe wanajua kwamba atavumilia. Mimi nikiazima sebule ya mtu, siku Upendo akirudi atagonga mlango wa nani?"

Mimi nilipoolewa baba na mama walikuwa wameshafariki, na nyumba yetu ya Shelui alikuwa anakaa mtu mwingine. Marehemu mume wangu hakuwa mtu mbaya sana, lakini yapo mambo niliyoyavumilia kwa sababu hiyo moja tu, kwamba sikuwa na pa kwenda, na yeye alikuwa anajua. Inaniuma mpaka leo. Basi nikamwambia Mwalimu kwamba chumba ni chake, na kwa tajiri nitakwenda mwenyewe. Tajiri alinisikiliza, akafikiri, akasema hana neno, ila wasivute sigara karibu na magodoro.

Tulifagia mpaka ukuta. Naomi akaleta kanga za kufunika wavu pande zote mbili, maana kulia palikuwa na pikipiki isiyo na magurudumu na kushoto vitanda vya bweni vya mtu. Vyakula vilipikwa kwa Naomi, vikaja na bajaji: ugali wa uwele, mlenda, na kuku ambao safari hii walipokelewa.

Wazee wa Sepuka walikuja wamevaa makoti. Aliyewaongoza anaitwa Mzee Hema, baba mkubwa wa yule kijana, mtu mkavu mwenye fimbo. Alisimama langoni akatazama godauni, akatazama namba kwenye milango, akanitazama mimi na funguo zangu. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuuliza swali, akapita katikati ya mizigo ya watu mpaka mlango wa Mwalimu, akapiga hodi. Mwalimu akaitikia karibuni kwa sauti ya mtu aliye kwake.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, isipokuwa mteja mmoja alifika katikati na mkokoteni kuja kuchukua jokofu lake. Nilijaribu kumzuia lakini alikuwa ameshawaona wazee, na hakuna kijana wa huku anayepita mbele ya wazee bila salamu. Akamwamkia kila mmoja, mmoja mmoja, na kila mmoja akataka kujua kwao ni wapi. Alipomaliza ameshapewa sahani ya ugali. Jokofu lake lilichukuliwa siku nyingine.

Posa ikapokelewa. Upendo aliitwa, akaulizwa, akakubali. Wazee walipokuwa wanainuka, Mwalimu aliwazuia kwa mkono.

"Nina neno moja. Mkimchoka, msimpige. Mrudisheni hapa. Mlango mmeuona."

Mzee Hema akageuka kuutazama mlango. Ni mlango wa wavu wa chuma, una namba ya rangi nyekundu na kufuli.

"Tumeuona, Mwalimu," akasema, na hakuna aliyecheka.

Harusi ikafungwa. Upendo akahamishiwa zahanati ya karibu na Sepuka, na Mwalimu akaendelea na magazeti yake ya juzi. Nikafikiri habari imekwisha.

Ukapita msimu mzima wa mavuno. Mchana mmoja ikasimama bodaboda langoni, akashuka Upendo na begi, shavu moja limevimba mpaka jicho linafunga. Akaniamkia vizuri kabisa, kama vile hakuna kitu. Nikamwambia baba yake yuko hospitali, kliniki yake ya presha, labda atachelewa. Nikamwuliza kama nimpigie dada yake Naomi.

"Hapana, mama," akasema. "Nimekuja nyumbani."

Ufunguo wa akiba tulikuwa nao. Mzee Mkumbo alinifundisha kwamba ule si wa kutumia, chumba hufunguliwa na mwenyewe. Nikauchukua, nikaenda nikamfungulia, kwa sababu mwenyewe alikuwa ndiye huyo amesimama mbele yangu. Akavua viatu mlangoni. Akajilaza kwenye kochi refu, begi chini ya kichwa, na kabla sijamaliza kuurudisha mlango alikuwa amelala. Nikavuta kile kiti kibovu nikakiweka mbele ya wavu, nikakaa hapo. Wateja waliokuja mchana ule niliwaambia wabebe vitu vyao kwa mikono, asiburute mtu kitu. Walinishangaa, lakini walibeba. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, nikaikalia.

Mwalimu aliporudi nilimweleza kwa sauti ya chini. Hakuingia. Alisimama akamtazama binti yake kupitia wavu, kisha akaniomba nimpishe kwenye kiti, akakaa yeye. Upendo alipoamka ndipo Mwalimu akaingia, wakazungumza, na mimi nikaondoka kwa sababu hayo hayakuwa yangu. Usiku Upendo alikwenda kulala kwa dada yake, ili sheria ya pili isiniponyoke kabisa. Asubuhi walikuja wote wawili, baba na binti, wakafungua kwao. Ikawa hivyo siku kadhaa. Upendo alipiga pasi vitambaa vya marehemu mama yake, akapangusa kabati la vioo, akapika chai kwenye jiko la mkaa nje ya lango. Mwalimu alisoma gazeti kwa sauti, wote wawili wakasikiliza.

Kisha wakaja. Mzee Hema na fimbo yake, mshenga, na mume mwenyewe nyuma yao akitazama viatu vyake. Walileta kondoo wa kuombea msamaha, wakamfunga langoni, na kabla ya salamu kuisha alikuwa ameshapata vitunguu vichache ambavyo tajiri bado alikuwa anaviweka hapo. Niliwapisha. Mzee Hema akafika mlangoni akapiga hodi.

Ndani kimya. Mwalimu alikuwemo, nilimwona kupitia wavu, amekaa kwenye kochi lake na mikono juu ya magoti. Aliwaacha wasimame. Wakasimama katikati ya mizigo ya watu, mbele ya kila mteja aliyepita, na hakuna aliyethubutu kushika ule mlango. Alipoona inatosha akasema karibuni.

Mzee Hema alizungumza vizuri, lazima niseme ukweli. Hakumtetea kijana. Alisema mtoto wao amekosa, wameketi naye, wamemkanya mbele ya ukoo, na wamekuja kumwomba Mwalimu awape mke wao. Yule kijana naye akaomba msamaha, sauti haitoki vizuri. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza siku zote. Halafu akamwita Upendo, aliyekuwa nje na birika.

"Umewasikia," akamwambia. "Mwenye shauri ni wewe."

Upendo alisimama na birika mkononi. Uvimbe ulikuwa umepungua, umebaki weusi chini ya jicho. Alimtazama mumewe, akamtazama Mzee Hema, kisha baba yake.

"Bado, baba," akasema.

Kijana alifungua mdomo. Mzee Hema akamshika goti, naye akaufunga.

"Mmemsikia," Mwalimu akasema. "Bado. Akiwa tayari tutawaita. Kunyweni chai."

Upendo akawamiminia, kila mtu kikombe chake, mumewe pia. Walikunywa taratibu mpaka ikaisha, wakaaga kwa heshima, wakainuka. Upendo akavaa viatu, akawasindikiza katikati ya magodoro na vitanda vya watu mpaka langoni, akawatakia safari njema, akasimama mpaka gari lao likaingia barabarani. Kisha akageuka, akarudi ndani kwao.